Tupeane uzoefu: pedi na diski za breki kwa hachibeki zenye moto ambazo umri umesogea

Chuma cha Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Natembelea hachibeki, gari fupi lenye mlango mpana wa nyuma, Volkswagen Golf 5 GTI ya 2006, ile ya 2.0 turbo yenye nguvu ya farasi 200. Injini bado ina njaa ya barabara, ila breki za mbele zimefika mwisho. Pedi zimekwisha, na diski zimejenga ukingo unaokwaza kidole. Nimezunguka Kariakoo, majibu ni ya kila rangi. Duka moja wananiambia chukua kopi, diski ni diski. Jingine wanasema mtumba wa Japani ndio mpango mzima. Kijana mmoja akanitolea diski zenye matundu, zinang'aa balaa, akaniapia ndizo za GTI. Nilizofungua kwenye gari hazina hata tundu moja la mapambo.

Wale wa "uza, nunua IST" leo pumzikeni. Nawataka wenye GTI, Swift Sport, Vitz RS, Runx Z, Civic Type R na jamii yao. Ulifunga nini, ukaendesha wapi, kikatokea nini?

Mama Swift
Mimi nina Swift Sport, ile ZC31S. Kichekesho changu kilianzia nyuma. Fundi kanituma brekishuu za nyuma za Swift, nikanunua, nikampelekea. Kafungua tairi, kakuta diski. Swift ya kawaida nyuma ina ngoma, ndiyo inayotumia shuu, Sport ina diski, na yeye gari alikuwa nalo pale pale uwanjani kwake akaona uvivu kuchungulia katikati ya rimu. Nikarudi dukani, muuzaji hataki kubadilisha kwa sababu boksi limeshafunguliwa.

Mbele nako ni hivyo hivyo, ukisema tu "Swift" unapewa za ile ya kawaida. Siku hizi natembea na namba ya chasisi kwenye simu na pedi ya zamani kwenye mkoba. Wacha wacheke.

Chuma cha Tabata
Dada, kumbe hata Vitz RS ni yale yale. Jirani yangu aliuziwa shuu na ya kwake ina diski nyuma.

Bwana Kigamboni
Kaka wa Golf, soma hii kabla hujatoa hela. Mimi pia nina GTI kama yako. Diski ya mbele ya GTI ni milimita 312 kwa 25. Golf 5 nyingine za kawaida zina 288 kwa 25, na nyingine 280 kwa 22. Umeuona mtego? Ile ya 288 ina unene sawasawa na yetu. Inaingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, boltu zinakaa, tairi inazunguka, hakuna kinachogoma. Ila nusu kipenyo imepungua milimita 12, kwa hiyo ukingo wa juu wa pedi unaning'inia hewani.

Gereji moja nisiyoitaja walinifungia hivyo. Nililipa, nikaondoka, nikaanza kuona nakanyaga breki mapema kuliko nilivyozoea. Fundi mwingine alipofungua, pedi ilikuwa imelika chini na juu imebaki kipande kizima kinachoupita ukingo wa diski. Tukaipima kwa rula tu, jibu likapatikana.

Kwenye buti, eneo la tairi la spea, kuna stika ya karatasi yenye misimbo midogo midogo ya vifaa vya gari. Mmojawapo ni wa breki za mbele. Duka lenye mfumo wa vipuri linausoma. Kama stika imeng'olewa, pima diski uliyonayo. Lakini pima ukijua kwamba aliyekutangulia naye anaweza kuwa alifungiwa ya kimakosa.

Kimya Kingi
Nimekaa pale nasoma.

Mtoto wa Gerezani
Nauza spea, kwa hiyo najua mnatusema. Niwape kitu cha kutubana nacho.

Geuza pedi, angalia mgongoni au ubavuni mwa kile kitambaa chake, sehemu inayosugua diski. Nyingi zina mistari ya herufi na namba, na mwishoni herufi mbili pamoja, EF, FF, GG na kadhalika. Ya kwanza ni mshiko ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Gari lenye turbo usichukue pedi ya FE, maana yake mshiko unashuka pale pale unapouhitaji. Herufi hizo hazikwambii pedi itadumu muda gani wala kama italia, na G kubwa haimaanishi ubora.

Pedi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zina alama ya E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha, 1 ni Ujerumani, 11 ni Uingereza, halafu 90R na tarakimu. Pedi ya namna hiyo imepimwa isitofautiane na ya kiwandani zaidi ya asilimia 15. Najua mtauliza, na kopi je, haziwezi kuchapa alama hiyo? Zinaweza. Ndiyo maana angalia pia kazi yenyewe: bamba la chuma limenyooka, rangi haijavuja kwenye kitambaa, pedi zote nne zina namba moja, na waya wa sensa upo kama gari lako linautumia. Boksi lisikudanganye, maboksi matupu yana soko lake.

Kimya Kingi
Haya, niseme langu. Nina Runx Z. Nilipagawa na video za magari ya mashindano nikaagiza pedi za mbio kutoka Uingereza, bei mara tatu ya zile za dukani. Pedi zile zinataka moto ndipo zishike. Sasa mimi asubuhi natoka Mbagala, foleni, kilomita ishirini kwa saa, moto utatoka wapi? Breki ya kwanza ya siku gari lilikuwa linateleza kidogo kwanza ndipo linatii. Zinalia mpaka machinga wanageuka. Rimu nyeusi kila jioni. Na diski zikaanza kulika upesi.

Nikaziuza kwa kijana mmoja wa Arusha anayeshiriki mashindano. Nikafunga pedi za kauri za kawaida za Kijapani, kimya, rimu safi. Mshiko wa kwanza si mkali kama wa pedi za nusu metali, zile zilizochanganywa na chuma, lakini kwa mizunguko yangu ya Mbagala na Posta zinatosha na kubaki.

Msafiri wa Iringa
Kwa Posta sawa. Mimi kila mwezi napanda kwetu, na kurudi ni lazima niteremke mlima Kitonga. Golf GTI, abiria wanne, mizigo, mchele. Mara moja nikiwa na pedi za bei chee, katikati ya mteremko nikaanza kusikia harufu ya kuungua, na pedali ngumu kabisa lakini gari halisimami. Niliingiza gia ya chini, nikajisogeza pembeni, tukakaa kunywa maji mpaka rimu zikapoa. Tangu siku hiyo nafunga pedi zenye jina la kampuni inayojulikana, nusu metali, na kelele kidogo za asubuhi nazivumilia.

Fundi Mstaafu
Mwanangu Msafiri, hapo umegusa jambo. Pedali ikiwa ngumu na gari halisimami, pedi ndiyo imezidiwa na joto. Pedali ikizama mpaka chini, hayo ni mafuta ya breki yamechemka. Watu wanabadilisha pedi tatu mfululizo na mafuta hawajayagusa tangu gari lishuke bandarini. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Na hapa pwani unyevu haukauki. Kila miaka miwili toa yote, weka mapya, toa upepo magurudumu yote manne.

La pili, hizi "diski zimepinda" mnazolalamikia usukani ukitetemeka. Nyingi hazijapinda. Fundi amefunga diski mpya juu ya habu yenye kutu, ikakaa upande kwa unywele tu, na kila mzunguko pedi inaipapasa pale pale mpaka unene unatofautiana. Sugua habu kwa brashi ya chuma mpaka ing'ae ndipo ufunge. Dakika kumi tu, lakini vijana wa siku hizi hawana.

La tatu ni kuchonga diski kwenye mashine ili inyooke. Diski ya GTI mpya ni 25, mwisho wake ni 22, na imeandikwa kwenye diski yenyewe, MIN TH. Una milimita tatu za maisha yote, pande zote mbili pamoja. Ukileta diski yenye 22 na nusu kwenye mashine ukachonga, umenunua wembe.

Chuma cha Tabata
Shikamoo mzee. Yangu nimeipima leo kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene, 22.3. Kwa hiyo hakuna kuchonga. Na mtumba wa Japani?

Fundi Mstaafu
Marahaba. Diski ya mtumba nakubali ikipimwa ikawa na unene na haina mistari wala mipasuko. Pedi ya mtumba, hapana. Ikishanyonya mafuta au grisi hutaijua kwa macho.

Bwana Kigamboni
Niongeze la nyuma, maana kila mtu anaongelea mbele. Golf 5 nyuma, pistoni ya kalipa, kile kibanio cha pedi, hairudi kwa kusukumwa peke yake, inasukumwa huku inazungushwa, kwa sababu handibreki imo humo humo ndani. Fundi akiibana kwa klampu kama ya mbele anaiua kalipa. Muulize kabla hajaanza: "Una kifaa cha kuzungusha?" Akikuangalia tu, ondoa gari.

Na sisi wa karibu na chumvi, diski za nyuma zinaoza upande wa ndani ambao hauonekani kwa nje, kwa vile nyuma hazifanyi kazi kubwa. Gari likilala siku mbili zinavaa kutu, hiyo ya juu juu inatoka ukifunga breki mara chache. Ikishachimba mashimo, badilisha. Pini za kalipa nazo zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira wake.

Mama Swift
Na diski zenye matundu? Mume wangu anazitamani.

Mtoto wa Gerezani
Dada, zile za bei rahisi matundu yametobolewa kwenye diski ya kawaida, na mipasuko inaanzia hapo hapo. Mwambie anunue tairi nzuri. Breki zake tayari zina nguvu ya kufikisha tairi kwenye ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga, kinachobaki ni lami na mpira.

Chuma cha Tabata
Nimeamua: diski 312 mpya za kawaida, pedi za nusu metali zenye alama ya E, DOT 4 mpya, habu isuguliwe nikiwepo. Kuzizoesha pedi mpya na diski zake nafanyia wapi bila kugongwa na bodaboda?

Bwana Kigamboni
Vuka daraja la Kigamboni usiku, barabara ikishakuwa wazi. Toka 60 shuka hadi 10, usisimame kabisa, rudia mara kadhaa, halafu endesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Usivute handibreki zikiwa za moto.

Mtoto wa Gerezani
Jumamosi niko dukani hadi saa tisa. Njoo na diski ya zamani mkononi, picha ya simu siipimi.