Naomba ushauri: vali ya roketi isiyo na karatasi

Wakuu, habari. Naishi Houston. Kwenye mnada wa vitu vya marehemu fundi mmoja nimenunua vali yenye kibandiko cha NASA, bila karatasi kuonyesha iliuzwa kama chakavu. Natamani sana kuipeleka shule niliyosoma Morogoro, watoto waishike.

Nahofia NASA wasije wakaidai: mfuko wa vumbi la Mwezi wa safari ya Apollo 11 uliuzwa kwa dola 995 mwaka 2015. NASA wakaudai, mahakama ikampa mnunuzi, na 2017 ukafika dola milioni 1.8. Lakini yeye alinunua mnada wa serikali!

Nianze na NASA au mwanasheria? Kuna aliyewahi kutoa kipuri cha roketi Marekani kihalali? Na haidrazini (mafuta ya roketi) ni sumu kali, nani hupima kama imebaki ndani ya vali?