Laptop ya bei kali ina maana kweli au tunalipia jina?

Wakuu habarini, laptop yangu imechoka, bawaba zimelegea mpaka skrini naiegemeza ukutani 😅 Kazi zangu ni kuandika na kuedit video fupi fupi. Nijikamue nichukue MacBook Air au hizi za bei chee zinatosha?

FundiKimya: Mkuu kwa video chukua Air, hata ile ya chip ya M1 ya Apple ya 2020 mpaka leo inadunda, haina feni kwahiyo kelele hakuna. Ila RAM (memori ya kufanyia kazi) haiongezeki, ukibeba GB 8 ndo umeoa hiyo hiyo.

Chuma_cha_Mtumba: Majina tu hayo. Mi nina ThinkPad T480 ya mtumba, ya 2018, RAM nimeongeza mwenyewe, betri ya nyuma inachomoka bila bisibisi na Windows 11 inakubali vizuri tu, kikifa kitu nabadilisha hicho kitu sio mashine nzima

FundiKimya: Sawa, ila kwa rangi za video skrini yake ile ya kawaida imefifia aisee, usimdanganye mwenzio.

Mleta mada: Haha poa, video ndo zinanilisha, wacha niegemeze ukutani miezi miwili zaidi nichange hela ya Air ya GB 16.