Tupeane uzoefu: kipande cha muvi ya sayansi kilichokushtua mpaka leo, na pale stori ilipokukatikia

Habari zenu wakuu. Juzi nimeirudia Alien ya 1979, ile ya Ridley Scott, nikiwa na mdogo wangu wa mwisho ambaye hakuwahi kuiona. Macho yangu hayakuwa kwenye runinga, yalikuwa kwake. Alikuwa ameshika kipande cha muhogo, na Kane alipoanza kukohoa pale mezani, ule mkono ukasimama kati ya sahani na mdomo. Ukabaki hapo hapo mpaka kipande kile cha muvi kikaisha.

Kwa ambao hamjaiona: Kane ni mmoja wa wafanyakazi wa chombo cha angani, amevamiwa usoni na mdudu, kisha mdudu kadondoka mwenyewe, jamaa kaamka na njaa, wenzake wanakula na kucheka. Na sisi tunashusha pumzi. Ghafla anakohoa, wanamlaza juu ya meza, fulana nyeupe inalowa damu, kifua kinapasuka. Waigizaji walijua kuna kitu kitatoka, walishaisoma stori, ila hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani. Veronica Cartwright ikamrukia usoni, na ule ukelele wake haukuwa wa kuigiza.

Lakini mimi naamini damu peke yake haiwezi kukaa kichwani miaka yote hii. Kinachokaa ni stori iliyopangwa sawasawa. Kumbukeni Ripley, mwenzao kwenye chombo, alikataa kufungua mlango Kane alipoletwa na mdudu usoni, kwa kuwa sheria ya karantini ilisema aliyeambukizwa haingii. Ash, ofisa wa sayansi, ndiye akafungua. Mara ya kwanza nilisema hapa mwandishi amekosea, mtu wa sayansi hawezi kuvunja karantini kirahisi hivyo. Baadaye kichwa cha Ash kinang'oka, yanatoka maji meupe, kumbe ni roboti aliyetumwa na kampuni amlete yule kiumbe. Nilichodhani ni kosa kilikuwa kimewekwa pale kwa makusudi. Nilisimama, nikarudisha mkanda mwanzo.

Kwa hiyo uzi huu naomba kila mtu alete mambo mawili: kipande kilichomshtua, na tundu la stori linalomuuma. Ila tuelewane, jambo la ajabu siyo tundu. Muvi ikiniambia kiumbe ana damu ya tindikali nakubali, na tena ndiyo inajibu swali la kila mtazamaji, "si wampige risasi?" Ukimpiga, damu inatoboa chombo na mnakufa wote. Tundu ni pale muvi inapovunja sheria iliyojiwekea yenyewe, au inapotaka tusiulize. Langu ni hili: kiumbe anatoka kifuani akiwa mdogo wa kubebeka mkononi, muda mfupi baadaye anampita mtu mzima kwa urefu. Amekula nini? Nafuga kuku, najua gunia la chakula linavyoisha kabla kuku hajaongeza kilo moja. Uzito hautoki hewani.

Karibuni.

Mdau, Morogoro

Mkuu umenigusa, mimi nimekulia banda umiza. Terminator ya 1984 tuliiona, tukajua Arnold, roboti muuaji, ni adui asiyesikia la mtu. Ikaja ya pili, ya 1991. James Cameron aliipanga ili mtazamaji asijue: wametua wawili kutoka wakati ujao, wote wanamtafuta mtoto John, mmoja pande la mtu kavaa koti jeusi la ngozi, mwingine mwembamba, mpole, kavaa sare za polisi. Wanakutana kwenye kijia cha nyuma ya maduka. Arnold anachomoa bunduki kwenye boksi la maua ya waridi, mtoto yuko katikati, anaambiwa alale chini, risasi zinaenda kwa polisi. Ni pale ndipo unatakiwa ujue nani mlinzi.

Sasa mkanda wetu ulikuwa umetafsiriwa, na mtafsiri, muvi haijachanganya hata kidogo, akasema: "Safari hii Arnold ni mtu mwema, kaja kumlinda dogo." Banda zima likashangilia. Mimi sikushangilia. Kipande kilipofika nilikitazama kama mtu anayefunguliwa zawadi aliyokwisha kuambiwa ni nini. Ukubwani nikajua hata trela za kule Marekani ziliisema siri ile ile, na nikaumia upya.

Tundu: muvi ya kwanza ilisema ile mitambo ya kusafirisha watu kwenye wakati haipitishi kitu kisicho na uhai. Ndiyo maana Arnold kafunikwa nyama juu ya chuma, na ndiyo maana wote wanatua uchi. Yule polisi ni chuma cha maji kuanzia nje mpaka ndani. Alipitaje? Lakini niwe mkweli, kwa mengine walikuwa waangalifu sana. Walisema anaweza kujigeuza kisu ila hawezi kujigeuza bunduki, kwa sababu bunduki ina vyuma vinavyocheza na baruti, na hawakuivunja sheria hiyo hata mara moja.

Mpima ardhi, Dodoma

Jurassic Park, 1993. Mbuzi amefungwa nyuma ya uzio, usawa wa barabara kabisa, watoto wanamwona kwa dirisha la gari. T. rex, yule dinosau mkubwa, anakata uzio, hatua moja yuko juu ya lami. Dakika chache mbele anasukuma gari upande ule ule, na gari linaning'inia kwenye ukuta mrefu, chini kuna mti mzima. Wakuu, mimi kazi yangu ni kupima miinuko. Nimechora eneo lile kwenye karatasi mara tatu na halikubali.

Mwanzisha uzi

Kaka, hilo tundu lipo na silitetei. Lakini tazama walivyokuandaa. Kabla hujamwona mnyama unaona maji yanatikisika kwenye glasi, walipitisha uzi wa gitaa chini ya dashibodi wakaupiga. Halafu mbuzi hayupo. Halafu mguu wa mbuzi unadondoka juu ya kioo cha gari. Mtu aliyepandishwa ngazi hivyo hana nafasi ya kukumbuka kimo cha ardhi.

Mpima ardhi, Dodoma

Kuhusu maji nakubali, pale waliweza. Ila ukuta ulikuwa na uwezo wa kuonyeshwa mapema kwa sekunde mbili tu. Sekunde mbili. Hilo ndilo linaniuma, kwamba dawa yake ilikuwa ndogo.

Fundi kompyuta, Nakuru

Langu ni fupi. Independence Day, 1996. Nashinda dukani napambana na printa isiyoelewana na kompyuta, na zote zimetengenezwa hapa hapa duniani. Jamaa anapeleka kirusi kwenye mitambo ya wageni kutoka angani kwa laptopu, kinaingia bila kipingamizi. Najua walikuwa na chombo kimoja cha wageni walichokificha miaka mingi, wangeweza kusema walijifunza kwacho. Sentensi moja ingetosha.

Muuguzi, Mbeya

The Thing ya John Carpenter, 1982, watu wamekwama Antaktika na kiumbe anayeweza kuwa nakala ya yeyote. Norris anaanguka, daktari anamwekea mashine ya kushtua moyo. Mara ya kwanza, kimya. Anarudisha tena, kifua kinafunguka kama mdomo wenye meno na kuikata mikono ya daktari. Aliyeigiza kipande kile ni mtu asiye na mikono kweli, wakamfunga ya bandia.

Niliitazama asubuhi nikitoka zamu ya usiku. Usiku ule tulikuwa tumembonyeza mzee mmoja kifua kwa zamu, mimi na mwenzangu, na viganja vyangu vilikuwa bado vinauma nikiwa nimeshika rimoti. Mtu wa kazi yangu anajua kifua cha mgonjwa ndipo mahali unapoweka mikono bila kufikiria, unaweka mwili wote. Muvi ile ikachukua mahali hapo hapo. Zamu iliyofuata, mikono yangu ilisita kwa nusu sekunde, nami sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Kwa mpangilio sina la kulaumu. Walisema kila kipande cha kiumbe yule kinataka kuishi chenyewe. Basi wakachukua damu ya kila mtu kwenye visahani na waya wa moto. Damu ya mtu inachemka tu. Damu ya kiumbe inaruka kukimbia.

Mkongomani, Johannesburg

Jambo ndugu zangu. Mimi naleta District 9, 2009, ya Neill Blomkamp, ile ya viumbe wa angani waliokwama Johannesburg. Wengi watataja kucha za Wikus, mhusika mkuu, zinavyong'oka, au mkono wake unaotoka kwenye bandeji ukiwa siyo wa binadamu tena. Vilinishtua, ndiyo. Wengine wanauliza mafuta ya chombo yanambadilishaje mtu mwili. Hilo nalikubali, maana walishatuonyesha hata silaha zao hazifyatuki bila mkono wenye damu yao.

Kilichonikaba ni mwanzo, wananchi wanahojiwa wakisema wale viumbe waondoke. Niliishi hapa Mei 2008 wakati wageni walipokuwa wakipigwa na kuchomewa nyumba. Walikuwa wakimsimamisha mtu na kumwonyesha kiwiko, wakimwambia akitaje kwa Kizulu. Nilikaa ndani usiku nikirudia neno moja: indololwane, indololwane. Muvi ilipigwa Soweto mwaka ule ule. Na kabla yake, kwenye filamu yake fupi, Blomkamp aliwauliza watu wa kweli wa mitaani kuhusu wahamiaji wa Kiafrika, kisha majibu yao akayaweka kama wanazungumzia viumbe wa angani. Hawakuwa wanaigiza. Ni sisi waliokuwa wakitusema.

Na tundu langu ni hili hili. Muvi inayotuomba tumhurumie mgeni, ikafika kwa Wanigeria ikawafanya majambazi wanaokula nyama ya wale viumbe kwa uchawi. Serikali ya Nigeria iliziomba kumbi za sinema ziache kuionyesha, na niliwaelewa. Sheria yake iliivunja pale.

Mdau, Tanga

Nami narudi kwenye Alien ya mwanzisha uzi. Niliitazama na mama, Mungu amrehemu. Kifua kilipopasuka alishika ushungi wake akasema "Yarabi", ila hakuondoka. Swali lake lilikuwa moja tu muvi nzima: "Na paka je?" Watu wanakufa mmoja mmoja, yeye anauliza paka. Mimi nikamweleza kwamba Ripley kurudi kumfuata paka wakati chombo kinakaribia kulipuka ndilo tundu kubwa la stori. Akanigeukia akasema, "Wewe ungemwacha?" Ripley alipofunga ile sanduku ya paka na kukimbia nayo, mama akakaa vizuri, akavuta miguu juu ya mkeka, akaitazama mpaka majina yalipoanza kupanda.