Mjadala: Nina wa Fullmetal Alchemist, watoto wafichwe ama waachwe waone?

Jamani wa Mombasa, hili limetushinda maskani, nalileta kwenu.

Wanaoijua wanaijua: Fullmetal Alchemist: Brotherhood, anime (katuni ya Kijapani) ya 2009, sehemu ya 4. Shou Tucker ni mwanaalkemia wa serikali, yaani fundi wa kugeuza kitu kuwa kingine, na tathmini ya mwaka imemkaribia. Asipotoa utafiti wa maana, leseni inakwenda. Nyumbani ana binti mdogo, Nina, na mbwa wao Alexander. Siku moja anamwonyesha Edward, kijana shujaa wa hadithi, kiumbe kinachosema. Kiumbe kinamwita Edward kaka, vile vile Nina alivyozoea kumwita. Kumbe Tucker kamuunganisha binti yake na mbwa. Hapo ndipo unapoelewa alikokwenda mke wa Tucker miaka miwili nyuma, na kwa nini alipata leseni mwaka ule ule.

Wenzangu wanataka ifungiwe kwa sababu "katuni ni za watoto". Nani kasema? Bodi ya uainishaji wa filamu ilitangaza marufuku ya katuni sita mwaka wa 2017, na simu mifukoni zikabaki zile zile. Halafu damu yenyewe iko wapi pale? Kinachouma ni kuwa mkosa ni baba, tena baba mpole. Mtoto wa miaka saba, hapana. Wa kumi na nne naona aione, na mkubwa akae kando yake.

MAMA WA MAJENGO: Mwanangu, wasema hivyo kwa kuwa hulali na mtoto anayeweweseka. Wangu ana miaka tisa, aliiona kwa simu ya binamuye. Habari za mbwa hakuuliza. Aliniuliza, babake akikosa kazi atatufanya nini. Na babake ni kibarua bandarini, kuna wiki haitwi kabisa. Huyo wa kukaa kando yake angekuwa nani, nami niko sokoni?

KIJANA WA KISAUNI: Shikamoo mama. Aliiona yote ama kile kipande kinachozungushwa mitandaoni? Maana waliotunga walitupa muda kwanza wa kumpenda Nina, tukamwona akicheza na Ed, yaani Edward, na nduguye Al. Ukikata hayo, kilio chote hupotea, hubaki kitisho kitupu. Mimi ningepigana na wakata vipande kabla ya kuigusa anime yenyewe.

MAMA WA MAJENGO: Marahaba. Ni kipande. Lakini hata angeiona yote, aliyemfanyia vile ni babake.