Mtungi wangu wa naitrojeni unapungua kila siku. Wanaokwenda sayari ya Mars watatunzaje haidrojeni?

Mhimilishaji Rungwe
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe huku Rungwe, yaani napandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu za dume nazitunza kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kila asubuhi natumbukiza fimbo ya kupimia, nahesabu pole pole hadi kumi, naitoa na kuipunga hewani. Pale barafu nyeupe inapoishia kwenye fimbo ndipo naitrojeni ilipofika. Na kila asubuhi imeshuka, hata kama jana sikugusa kizibo.

Mwaka jana mtungi uligonga jiwe tukiwa kwenye bodaboda, tunashuka Kiwira. Kesho yake ukaanza kutoka jasho shingoni, siku ya tatu umekauka. Mirija yote ya mbegu ikafa. Kuna mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, ng'ombe huyo anahitaji dume siku ile ile, ikabidi asubiri siku 21 nyingine. Iliniuma sana.

Sasa nasoma kuwa roketi kubwa zinatumia haidrojeni ya kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri. Mars ni miezi sita hadi tisa kwenda tu, na huko hakuna wa kukujazia. Inafikaje?

Fundi majokofu, Iringa
Pole sana kaka. Jasho lile maana yake hewa iliingia kwenye ombwe, ile nafasi isiyo na hewa kati ya kuta mbili za mtungi. Ombwe hilo ndilo chombo chenyewe, tangu James Dewar alipokibuni 1892. Angani ombwe ni la bure, limezunguka tenki pande zote. Joto linabaki na njia mbili: mwanga wa jua, na vyuma na mabomba yanayoshikilia tenki. Ndiyo maana hata mtungi wako una shingo nyembamba.

Mwalimu wa fizikia, Mbeya mjini
Fundi kasema kweli, ila haidrojeni ni ngumu kuliko naitrojeni yako, na sababu si ubaridi peke yake. Haidrojeni ya kimiminika ni nyepesi mno, lita moja haifiki hata gramu 75. Joto linalovukiza lita moja ya naitrojeni linatosha kuvukiza lita tano za haidrojeni. Hebu fikiria mtungi wako unapungua mara tano ya sasa.

Ndiyo maana vyombo vya safari ndefu vimekuwa vikiikwepa. Chombo cha Cassini kiliondoka 1997 kikafika sayari ya Zohali 2004 kwa mafuta ya jamii ya haidrazini, yanayokaa kimiminika bila ubaridi huo. Nguvu yake kwa kila kilo ni ndogo, lakini hayapotei njiani.

Wanaotaka haidrojeni hufunika tenki kwa karatasi za plastiki zilizopakwa alumini, tabaka kwa tabaka, nyingi sana, na kukigeuza chombo ili tenki likae kivulini. Hiyo inapunguza tu. Kusimamisha kabisa kunahitaji mashine inayochota joto na kulitupa nje, kama friji. Desemba 2018 NASA walipeleka lita 42 za methani kwenye kituo cha anga. Zilikaa miezi minne bila kupungua. Aprili 2019 mashine ya ubaridi ikaharibika, ikabidi methani yote itolewe. Na methani inahitaji nyuzi 161 tu chini ya sifuri.

Mhimilishaji Rungwe
Asante mwalimu. Miezi minne halafu mashine inakufa, hilo nalielewa mpaka kwenye mifupa. Swali moja limebaki: wanajuaje imebaki kiasi gani? Kule si hakuna juu wala chini?

Mwalimu wa fizikia, Mbeya mjini
Umegusa penyewe. Fimbo yako haifanyi kazi kule. Kimiminika hutambaa kwenye kuta na mvuke hukaa popote, hata katikati. Ukifungua vali kupunguza presha unaweza kumwaga mafuta yenyewe badala ya mvuke. Kabla ya kuwasha injini kubwa wanawasha vijiroketi vidogo kwanza, chombo kinasukumwa mbele kidogo, kimiminika kinatulia upande wa nyuma penye bomba. Kwa muda huo mfupi tenki linakuwa na chini, na hapo kipimo cha kina kinasomeka.

Mhimilishaji Rungwe
Kesho saa kumi na mbili nikipima wangu nitakuwa nafikiria hilo. Na shingo nitaipapasa kwanza, nione kama ni kavu.