Insha za Kiingereza Kidato cha Pili: nataka kuacha kuweka alama

Wakuu habari. Nafundisha Kiingereza shule ya kata, mikondo miwili, watoto 114. Jumapili yote nasahihisha insha. Jumatatu nikirudisha, mtoto anatafuta namba tu: akiona 31 anakunja karatasi, akiona 80 anazunguka nayo darasa zima. Nilichoandika pembeni hakisomwi. Wale wa chini sasa wanaandika "I am a boy" zao fupi fupi, wasikosee. Nifanyeje? Na mwalimu wa taaluma anataka alama kila mwezi.

KalamuNyekundu: NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hawasomi maoni yako mkuu. 75 ni A, 29 ni F. Wazoee mapema.

Mama Darasa: Mtihani wa Taifa na insha ya wiki ni vitu viwili, ndugu yangu. Mimi insha ya kwanza haina alama. Napiga mstari chini ya kosa bila kulisahihisha, pembeni naweka T kama ni "tense", walitafute wenyewe. Na sishughuliki na kila kosa: wiki hii nyakati, wiki ijayo vihusishi. Wakishaandika upya ndipo naweka alama, tena kwenye daftari langu, siyo kwenye karatasi yao. Taaluma anapata chake, na Jumapili yangu imerudi.

Msomaji wa Usiku: Usiweke alama na maoni kwa pamoja, mtoa mada. Mtafiti Ruth Butler alilipima hili kwa wanafunzi wa Israel, akachapisha 1988: waliopewa maoni matupu walisonga mbele, waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidika.

Ticha wa Nakuru: Huku Kenya mtaala wa umilisi, CBC, ulituletea EE (amezidi matarajio), ME (ameyafikia), AE (anayakaribia) na BE (yuko chini yake) badala ya asilimia. Mzazi bado ananiuliza, "Mwalimu, ME ni ngapi kwa mia?" Kilichonifaa ni orodha ya "naweza": naweza kununua kitu dukani kwa Kiingereza, naweza kusimulia nilichofanya jana. Mwanafunzi anajiwekea tiki. Wapo wanaojipendelea, lakini ukimwita mbele asimulie, tiki anaifuta mwenyewe.

Mtoa mada: Mama Darasa, wataandika upya kwenye nini? Daftari lenyewe la kugombana na mzazi.

Mama Darasa: Aya moja tu, ile yenye mistari mingi zaidi.

Mtoa mada: Hapo sawa. Naanza na mkondo B, A wabaki na alama zao kwanza nione.

KalamuNyekundu: Utuletee matokeo ya mkondo B. Kwa asilimia 😂