Mama na binti wa miaka 15 Nairobi, Agosti: twende wapi tusigombane?

Mama Kisauni
Habari zenu wana Nairobi. Mimi ni wa huku Mombasa, nina binti wa miaka 15 na likizo ya Agosti nataka nije naye huko sisi wawili tu, wadogo zake wabaki kwa bibi yao. Tutafika Alhamisi jioni turudi Jumapili. Shida si pesa sana (ingawa sina za kumwaga), shida ni kwamba mimi na yeye hatutaki kitu kimoja. Mimi nikiona wale watoto wa ndovu wa Lang'ata, twiga, na makumbusho basi roho yangu imetulia. Yeye nikimuuliza wataka kwenda wapi anasema popote, nikitaja mahali anabinua mdomo, halafu usiku namsikia kwa simu akimwambia mwenzake ati yuaenda kupanda nganya, kununua mitumba na kupiga picha juu ya jengo refu. Nganya! Yaani tupande treni kutoka Mombasa tukapande matatu za michoro na muziki, na matatu hapa kwetu zimejaa tele.

Mara ya mwisho nilikuja kwa harusi, tao hata sikuingia. Kwa hivyo naomba mnisaidie, tulale mtaa gani, tutembee vipi, na huyu mtoto nimwachie apange au nimburute tu atanyamaza mwenyewe? Na usalama pia, nasikia simu zanyakuliwa mchana kweupe. Chakula twala halali.

Mtu wa Rongai
Karibu sana mama. Hiyo barabara ya Lang'ata ndiyo naenda nayo kazini kila siku, sasa ngoja nikuchekeshe, ndovu zako na nganya ya binti ni safari moja. Mlango wa kuingia Sheldrick, pale wanapolea hao watoto wa ndovu, uko Magadi Road, na matatu za Rongai, 125 na 126, zinapita hapo hapo nje. Pandeni tao steji ya Railways, mwambie konda awashushe geti ya karakana ya KWS (wale wa wanyamapori), kutoka hapo ni kutembea kama kilomita moja ndani, kuna vibao.

Lakini sikiza vizuri hapa. Wageni wanaingia saa tano mpaka saa sita mchana, hiyo saa moja peke yake, na lazima uwe umebuku mbeleni kwa tovuti yao. Agosti ndio watalii wamefurika, so hiyo ubuku kabla ya tiketi ya treni, sio baada.

Asubuhi kila mtu anakuja tao, nyinyi mnatoka tao, kwa hivyo viti viko na bei haijapanda. Mwachie yeye achague gari. Hawa watoto wanazijua kwa majina, nani alichora, skrini ziko wapi, gari gani imetoka gereji juzi, na ile anataka ataingoja hata zingine zikipita, so tokeni mapema. Wewe kaa mbele na dere, huku nyuma besi inatingisha mpaka meno. Kama ulizoea matatu za wakati waziri Michuki ameleta sheria zake 2004, zote na mstari wa njano, utashtuka.

Mkimaliza ndovu chukueni Bolt mwende Giraffe Centre, ni upande huo huo wa Lang'ata. Unapewa chakula cha twiga kwa mkono, unanyoosha, ulimi mrefu wa kijivu unakuja unakomba kiganja chote na mate. Hata yule wa kubinua mdomo hapo hupiga kelele.

Mzee Kazi
Siku hizi watoto ndio wanapangia wazazi safari? Sisi tuliambiwa vaa viatu tunaenda, ukiuliza wapi unabaki nyumbani.

kadem ka Umoja
Mzee Kazi ndio maana watoto wako hawakupigii simu 😂 anti msamehe.

Mimi niko 17 so wacha niongee kwa niaba ya binti. Akisema popote usikasirike, anangoja kuona kama utakataa kabla hajasema ile anataka. Mpe siku moja iwe yake, asubuhi mpaka jioni, na usimuulize kila dakika tano kama anafurahia. Utajua tu.

Jengo refu anaongelea lazima ni KICC, kuna helipadi huko juu na watu hulipa wanapanda kuona tao yote. Ulizeni kwanza hapo chini ju saa zingine wanafunga ka kuna mkutano mkubwa. Siku ikiwa safi unaona mpaka Ngong Hills. Halafu mathe wangu alikuwa anataka kunipiga picha mia akisema "cheka kidogo", please usifanye hivyo, wewe shika simu yake akwambie apigwe venye anataka.

Baba wa Wawili
Nina mmoja wa 14 na mmoja wa 16 na kila likizo huwa natoka na mmoja bila mwingine, kwa hivyo Mama Kisauni wazo lako la kuja wawili tu ni zuri mno, wakiwa pamoja wanaungana dhidi yako.

Mimi siamini kumwachia kila kitu wala kumburuta. Pesa ndiyo inaamua. Mpe kiasi cha mitumba taslimu mkononi, umwambie ikiisha imeisha, kisha usitoe neno kuhusu anachonunua. Nendeni soko la Toi, iko karibu na steji ya Adams pale Ngong Road, Gikomba ni kubwa zaidi lakini kwa mgeni na mtoto ni msukumano wa bure. Toi mtu anafika mapema, nguo za kamera, zile bora kabisa, zinachukuliwa na wenye maduka kabla jua halijapanda. Bei ya kwanza usikubali, na lafudhi ya Mombasa wataisikia tu, mwachie binti aongee kwanza.

Makumbusho: kama nafasi ni ya moja tu, mimi ningewapeleka Railway Museum kuliko ile kubwa ya Museum Hill. Najua watu watanipinga. Ile kubwa ina Turkana Boy, mifupa ya kijana aliyekufa kama miaka milioni moja na nusu iliyopita, ilipatikana Nariokotome 1984, na uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi na Mzee Kenyatta mwenyewe. Ni nzuri, ila ni kubwa na mtoto akichoka mnazozana mbele ya vioo. Ya reli mnamaliza bila kuchoka na mnapanda ndani ya injini zenyewe. Kuna behewa moja hapo, mwaka 1900 afisa wa polisi Ryall alilala ndani yake pale Kima akivizia simba mla watu, usingizi ukamshinda, simba akaingia akamtoa kupitia dirishani. Wangu wa 16 ambaye haongei alinisimulia hiyo hadithi upya usiku kana kwamba mimi sikuwepo. Na nyinyi mmekuja na treni, inaingiana.

Jambo lingine, msichanganye Lang'ata na msitu wa Karura siku moja. Moja kusini moja kaskazini, jam katikati, mtaishia kuangaliana kwa teksi. Karura wekeni Jumapili asubuhi kama treni yenu ni ya alasiri: mnakodi baiskeli, mnafika kwenye maporomoko na mapango, na umwambie msitu huo upo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikataa ugawiwe wajenzi, walipigwa hapo getini 1999. Lipeni kwa simu, taslimu hawachukui.

Jirani wa South C
Asalaam aleikum mama. Laleni South C, halali kila kona na si mbali na Mombasa Road, maana treni yenu ya SGR inawashusha Syokimau. Kutoka hapo kuna treni ndogo ya kuingia tao lakini na mabegi usiku bora teksi. Dereva akiwapandisha Expressway ule ushuru ni wenu, kubalianeni mapema.

Jioni moja nendeni Diamond Plaza Parklands mkale mishkaki na bhajia. Hujakaa, wahudumu washakuzunguka kila mmoja ana menyu yake anakuita mama karibu huku, usiogope, chagua mmoja wengine wanatawanyika.

Simu: kwa matatu usikae dirishani umeishika, hasa gari ikisimama kwa foleni, mkono unaingia kutoka nje. Tao ukitaka kuangalia ramani ingia dukani. River Road hamna haja nayo. Na Agosti huku ni baridi jamani, tuko mita 1,700 na ushee juu ya bahari, manyunyu asubuhi, bebeni masweta ya kweli.

Mzee Kazi
Hiyo ya simba sikuijua. Nitampeleka mjukuu.

Mama Kisauni
Nawashukuru mno wallahi. Nimemsomea binti haya yote, hapo kwa nganya na ndovu kuwa njia moja akanipokonya simu akasoma mwenyewe, sasa ndiye anapanga, amefungua daftari. Tatizo ni moja, nimejaribu kubuku ndovu Ijumaa imejaa, nimepata Jumamosi. Kwa hivyo Ijumaa iwe siku yake: Toi asubuhi, kisha tao, behewa la simba na KICC. Jumamosi ndovu na twiga. Mtu wa Rongai, Jumamosi hizo nganya zipo na zapitika na mtu mzima kama mimi?

Mtu wa Rongai
Zipo tele, Jumamosi ndio wanang'arisha. Muwe Railways saa tatu. Kwenda mtashuka upande wa geti kabisa, lakini kama mtarudi na matatu mnavuka Magadi Road, na hapo magari hayapunguzi, ngojeni na wenyeji muvuke nao. Na kama gari anayotaka binti haijafika saa tatu na nusu pandeni ingine, saa sita wale ndovu wanarudishwa.